SSD niliyouziwa kama mpya, na kompyuta yangu ya steshenari

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naiandika.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Nachapa barua, natoa kopi, na msimu ukifika nawajazia vijana maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Kompyuta yangu ni ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Ni nzito, lakini kibodi yake sijaona mfano wake, na mimi nachapa kutwa. Tatizo lilikuwa moja tu. Asubuhi nikiiwasha, nafagia duka, namwagia maji barazani kutuliza vumbi, nawasha mashine ya kopi, narudi bado vidoti vinazunguka. Mteja kasimama, mimi namwambia subiri kidogo. Wengine waliondoka.

Kila mtu alinishauri niiuze kwa bei yoyote. Mdogo wangu peke yake, anayeyajua mambo haya, ndiye aliyesema: usinunue kompyuta, nunua SSD. Alinieleza kwamba ndani mna diski ya kuzunguka yenye kichwa kinachohama huku na huku kutafuta faili, na muda wote naousubiri unaishia hapo. SSD nayo ni diski ya kutunzia faili, ila haina kinachozunguka. Mashine yenyewe, alisema, haina ugonjwa.

Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji. Kijana wa kaunta aliitazama kompyuta yangu, akaisukuma kwa kidole kimoja. "Dada, hii nayo ni kompyuta? Peleka kwa wauza skrepa." Mbele ya wateja watatu. Nikameza. Nikasema nataka SSD mpya ya GB 240 na RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inafanyia kazi, iongezwe ifike GB 8. Akataja 120,000, ufundi humo humo. Nikalipa taslimu. Nilipoomba risiti, akasema mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, inasumbua mtandao, nipitie siku nyingine.

Niseme na haki yake: nilipoiwasha nyumbani usiku ule nilikaribia kulia kwa furaha. Haikumaliza nusu dakika, imeshafunguka. Word nikiibonyeza, hiyo hapo. Kompyuta ile ile, kibodi ile ile, lakini imepata roho mpya. Wiki nzima kila aliyeingia dukani nilimsimulia. Ningeandika siku zile, ningewatuma wote kwa yule kijana, na dharau zake ningezisahau.

Jumapili moja mdogo wangu akaja kunitembelea. Akaweka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Dada, uliambiwa mpya?"

Saa ilizofanya kazi: 19,214. Gawanya kwa 24. Ni siku 800, zaidi ya miaka miwili ikiwaka usiku na mchana. Na ilikuwa imewashwa mara 63 tu, maana yake ilitoka kwenye mashine isiyozimwa, sijui ya kamera za ulinzi au ya ofisi gani. Ikafutwa, ikabandikwa stika, nikabambikwa mimi.

Nikarudi kesho yake. Nimepanda daladala mbili na kufunga duka nusu siku. Yule kijana hakuniambia hata karibu. Nikamwonyesha picha ya namba zile kwenye simu. Akacheka.

"Sasa dada, si inawaka?"

Nikamwambia nililipia mpya.

"Ungetaka mpya ya kwenye boksi ungesema mpya ya kwenye boksi."

Maneno hayo nalala nayo. Yaani mpya ni ya aina mbili? Mimi naweza kumtolea mteja kopi upande mmoja umechapwa jana, nikamwambia si inasomeka? Na si suala la pesa tu. Diski ya zamani mara nyingi huanza kugonga au kujivuta kabla ya kufa, unapata fununu. SSD inaweza kuzima ghafla, na vyeti vya watoto wa watu vimo ndani.

Sasa, wanaoniuliza kama kompyuta kuukuu inafaa kuongezewa vitu. Ninavyojisikia leo nasema hapana, achaneni nayo, ongezeni pesa mnunue nyingine. Maana kuna na hili: Windows 10 iliachwa kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha tatu kama yangu, kwa Intel wanaanzia kizazi cha nane. Mtu anayeandikia nyumbani anaweza kuvumilia. Mimi kwa siku napokea flashi za watu ishirini, kila moja na virusi vyake.

Lakini nikitulia naona namwonea mtumishi wangu. Kompyuta haikunikosea. Niliyoikuta sokoni ya kizazi cha nane, nayo imetumika, walitaka 600,000. Sina. Hii kwa 120,000 imenirudishia wateja niliokuwa nawapoteza, hata kwa diski niliyouziwa kwa ulaghai. Kwa hiyo ongezeni, ila msitoke kaunta kabla hamjaona saa za diski kwa macho yenu, na RAM mhesabiwe hapo hapo. Au msiongeze. Kwa kweli nikiikumbuka ile "si inawaka" nashindwa kuwashauri kwa utulivu.

Mdogo wangu anataka kuniwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ili nisitegemee Windows isiyosasishwa. Kwanza tunajaribu kama printa yangu itaitika. SSD nyingine nimeanza kuidunduliza, elfu tatu kwa siku, na safari hii nitaifungua boksi mwenyewe. Hadi hapo, kila jioni kabla sijafunga duka nanakili faili zote za wateja kwenye flashi mbili, moja naenda nayo nyumbani.