Filta ya kiwandani au seti ya kuhamisha filta: uzoefu wangu na WRX hapa Arusha

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya GDA (msimbo wa bodi yake), injini EJ20 yenye turbo. Nililinunua kwa jamaa wa Moshi likiwa tayari limefungwa seti ya kuhamisha filta ya oili. Kwa asiyeijua seti hii: pale chini ya injini filta inapokaa kiwandani panafungwa adapta ya alumini, kisha hozi mbili zinapanda hadi pembeni karibu na fenda, na filta inafungwa huko juu. Nimeendesha na seti hiyo kwa muda wa kutosha, nikaitoa, nikarudisha mpangilio wa kiwandani, halafu nikajaribu pia filta za kampuni nyingine pale pale chini. Msimamo wangu: kwa gari la barabarani huku kwetu, mpangilio wa Subaru wenyewe ni bora, na sababu ziko kwenye injini, si kwenye nembo.

Seti ina sifa zake na sitazificha. Filta ya EJ inaning'inia katikati ya mabomba ya ekzosi, na kuifungua injini ikiwa bado ina joto ni kuunguza mkono. Ikiwa huko juu unaifungua umesimama, bila kulala chini ya gari. Adapta nayo ina matundu ya kufungia vihisio vya presha na joto la oili, na ukitaka kuongeza kipozea oili, njia tayari ipo. Ndiyo maana watu wa mbio wanaipenda. Vijana wa hapa mjini ukiwauliza kwa nini wameifunga, wengi wanataja Safari Rally, jinsi Impreza ilivyoshinda mwaka 1997 na Colin McRae na mwaka 2000 na Richard Burns. Ushindi ule ni wa kweli na mimi naupenda kama wao. Lakini gari la mbio lina mafundi wanaolifungua na kulikagua hatua kwa hatua, hozi kwa hozi. Langu linakwenda Moshi na kurudi, linapita matuta ya Usa River na Tengeru, na linashuka hadi hamsini kila penye makazi kwa sababu ya tochi, yaani vifaa vya polisi vya kupima mwendo.

Kilichonifanya niichunguze seti ni kelele ya asubuhi. Njiro mwezi wa saba kuna baridi ya kweli, na kila nilipowasha injini iliyolala usiku kucha ilitoa mlio mkavu kwa muda mfupi, kisha ikatulia. Fundi wangu wa Unga Limited alisikiliza, akainama, akaangalia filta ilivyolazwa ubavuni, akaniambia, "Kaka, hii filta inalala tupu."

Alikuwa sahihi, na hapa ndipo penye uzito. Kwenye EJ, filta ya kiwandani imesimama mdomo juu na kitako chini. Injini ikizimwa, oili iliyo ndani ya kopo la filta haina pa kwenda, inabaki humo. Ukiwasha asubuhi, pampu inakuta filta imejaa na presha inapanda mara moja. Ukiihamisha na kuilaza ubavuni, kitu pekee kinachozuia oili isirudi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni kile kivali cha mpira kilichomo ndani ya filta. Mpira wa kawaida ukipigwa joto kwa muda hukakamaa na kuacha kuziba. Wa silikoni hudumu zaidi, ila filta nyingi za bei ya chini hazina. Kivali kikishindwa, filta na hozi zote zinamwagika taratibu usiku, na asubuhi pampu inaanza kwa kuzijaza kwanza ndipo oili ifike kwenye beringi na turbo. Sekunde hizo injini inazunguka karibu kavu. EJ ina sifa ya kuharibu beringi za konrodi, na mwenye Subaru hapa mjini hahitaji kuelezwa injini kunoki ina gharama gani.

Jambo la pili ni vali ya baipasi. Ndani ya filta kuna vali inayofunguka pale oili inaposhindwa kupenya karatasi, kwa mfano ikiwa nzito kwa baridi au karatasi ikiwa imejaa uchafu, ili injini isikose oili hata kama oili hiyo haijachujwa. Filta ya Subaru ya injini hizi imewekewa ifunguke kwenye takriban kPa 160 (kPa ni kipimo cha presha). Filta nyingi za magari mengine hufunguka mapema zaidi ya hapo. Sasa ukiwa na seti, kishawishi ni kufunga kopo kubwa la pikapu kwa sababu uzi unakubali na nafasi ipo. Langu lilikuja na kopo la namna hiyo. Linapendeza kulitazama, lakini vali ikifunguka mapema, kila unapokanyaga mafuta sehemu ya oili inapita bila kuchujwa.

Tulipotoa seti nilifunga kihisio cha geji mahali pa swichi ya presha ya kiwandani, chini ya alteneta. Kitabu cha mafundi cha Subaru kinataka kPa 98 kwenye mizunguko 600 kwa dakika na kPa 294 kwenye mizunguko 5,000, oili ikiwa nyuzi 80. Kwa geji zetu hiyo ni bar 1 na karibu bar 3. Gari langu linavuka hapo vizuri hata nikitoka Moshi na kupanda Arusha, na mlio wa asubuhi umekwisha. Fitingi zilizokuwa zikitoa jasho la oili na kukusanya vumbi la Kisongo nazo hazipo tena.

Filta za kampuni nyingine pale chini ni habari tofauti, na sizikatai. Ile ya K&N yenye nati kwenye kitako inafunguka kwa spana ya kawaida bila kupigana na spana ya cheni, na kwa nafasi finyu kama ile ni raha kubwa. Lakini nyingine niliyopewa dukani kwa bei nafuu, sitaitaja jina, niliikata baada ya kuitumia nikakuta mikunjo ya karatasi imesogea upande mmoja na gundi imeachia. Nashauri sana kukata filta iliyotumika. Tumia kikatio cha kopo, si msumeno, kwa sababu msumeno unaacha unga wa chuma unaochanganya. Tandaza karatasi juani uitazame. Chembe zinazong'aa ni habari ya beringi kabla geji haijasema.

Mimi sasa nafunga filta nyeusi ya Subaru inayotengenezwa na Tokyo Roki, namba 15208AA100. Tatizo lake hapa ni feki. Nikiwa dukani naifungua pale pale: naangalia uzi wa ndani kama umekatwa safi, raba kama imekaa sawa kwenye mfereji wake, na maandishi ya kopo kama yamechapwa vizuri. Kopo jepesi kupita kiasi nalirudisha. Na jamani, mkitoa filta ya zamani hakikisheni raba yake imetoka nayo. Ikibaki kwenye injini ukafunga mpya juu yake, oili yote inaweza kumwagika barabarani kabla hujafika Kijenge. Kwa kuwa mdomo uko juu, mimi huijaza oili kabla ya kuifunga, naipaka raba oili kidogo, kisha naikaza kwa mkono kwa kiasi kilichochorwa kwenye kopo.

Seti bado ninayo kwenye boksi. Kama kuna anayejenga gari la rali na anafunga kipozea oili, aje aichukue, ila anunue hozi mpya pana, zile zilizokuja nayo ni nyembamba. Mwenye Forester ya turbo yenye EJ20 kama yangu, filta ni hiyo hiyo.