Daraja la biashara hadi Guangzhou: milioni tano za ziada zilininunulia nini

Kwa miaka sita sasa nakwenda Guangzhou, China, kufunga mzigo wa viatu vya kike na mikoba kwa ajili ya duka langu la Kariakoo, mara mbili kwa mwaka. Safari zote nilipanda ikonomi na sikuwahi kulalamika, mpaka safari moja nilipofika sijapata hata lepe la usingizi, nikapitiliza kutoka uwanja wa ndege hadi kwa muuzaji na kusaini karatasi ya oda ya sendozi bila kuisoma vizuri. Mzigo ulipofika Dar nikafungua katoni ya kwanza: namba 35, 36, 37. Ya pili vilevile. Katoni 12, jozi 720, na wateja wangu wengi wanaanzia 38 kwenda juu. Niliziuza kwa bei ya kutupa, na nilipopiga hesabu nilikuwa nimepoteza kama shilingi 1,600,000.

Ndiyo maana Septemba iliyofuata nilikata tiketi ya daraja la biashara, kwenda na kurudi, kwa fedha yangu mwenyewe. Nataka kueleza nilichopata, kwa sababu wengi tunaopanda ndege hizi kwa ajili ya mzigo tunajiuliza swali hilo hilo kila tunapopita kwenye siti zile kubwa za mbele tukielekea nyuma.

Siku niliyokata, ikonomi ilikuwa shilingi 2,640,000. Mimi nililipa 7,580,000. Tofauti ni 4,940,000, ambayo kwangu ni kodi ya fremu ya miezi minne na ushee. Ajenti wangu wa tiketi, ninayefanya naye kazi miaka yote, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Njia yenyewe ni ile inayojulikana: Dar hadi Ghuba, yaani Uarabuni, saa tano na nusu hivi angani, kisha Ghuba hadi Guangzhou, saa saba na kitu. Ya kwanza inaondoka jioni, ya pili inaondoka usiku wa manane. Mgawanyo huo ushike, maana ndio wenye uzito katika habari hii yote.

Pale Jengo la Tatu la uwanja wa Julius Nyerere faida ilikuwa kaunta isiyo na foleni, basi. Tunaokwenda kununua tunaondoka na begi moja jepesi, kwa hiyo ile ruhusa ya mabegi mawili ya kilo 32 kila moja haikunisaidia kitu. Halafu nikaingia kwenye ndege na kukuta si ile niliyoonyeshwa wakati wa kulipa. Walikuwa wamebadilisha. Kiti kilikuwa kipana, ngozi nzuri, lakini kinalaza mgongo tu, hakigeuki kitanda. Nilimwita mhudumu nikamuuliza kwa adabu, naye akaniambia kwa adabu vilevile kwamba ndege hubadilishwa kwa sababu za kiufundi na masharti ya tiketi yanaruhusu. Niliandika malalamiko, na baada ya wiki saba nikapewa pointi za safari. Fedha sikurudishiwa. Lilinikera na bado linanikera, kwa sababu mtu anayelipa karibu mara tatu ya nauli anakuwa amenunua kitu maalumu, na kitu hicho hakikuwepo.

Hata hivyo, niseme ukweli: hata kama kitanda kingekuwepo, jioni ile nisingelala. Ilikuwa saa kumi na moja, nimetoka kufunga hesabu za duka, kichwa kimechangamka. Nilikula, nikaangalia simu, tukafika. Shoga yangu wa duka la jirani, aliyekuwa nyuma katika ndege hiyo hiyo, alifanya yale yale kwa theluthi ya nauli.

Uwanja wa Ghuba ndiko nilikoanza kuona fedha yangu. Tulikuwa na saa nne za kusubiri. Mara zote nilizikaa kwenye viti vya chuma, begi nimelifunga mguuni, nikisinzia na kuzinduka. Safari hii niliingia launji, ukumbi wa kupumzikia wa abiria wa daraja la biashara. Chakula kilikuwa kingi, lakini sikukifuata chakula. Kulikuwa na bafu. Chumba kidogo cha vigae, taulo nene iliyokunjwa, maji ya moto yenye nguvu. Nilioga, nikabadilisha nguo, nikatawadha, nikaswali Isha kwenye chumba cha swala palepale mlango wa pili. Mtu akiniuliza ni kipi nilikifurahia kuliko vyote katika safari nzima, nitataja bafu lile kabla ya kitanda.

Kitanda nacho kilikuja, kwenye ndege ya pili. Viti vimepangwa kila kimoja kivyake, kila mtu na njia yake, humrukii mtu ukienda msalani. Kule ikonomi, kutoka mgongo wa kiti chako hadi mgongo wa kiti cha mbele ni kama inchi 31 au 32. Huku, ukibonyeza kitufe, kiti kinateleza taratibu, miguu inaingia kwenye kijishimo chini ya kiti cha mbele, na unakuwa umelala chali sambamba na sakafu, urefu wa futi sita na zaidi. Mhudumu alikuja na godoro jembamba la kutandika juu, mto wa kweli na mfarishi. Nilimwomba asiniamshe kwa chakula. Akasema nitakula saa yoyote nitakayoamka. Nililala saa tano mfululizo. Nilipoamka mapazia ya dirisha yalikuwa yamepauka kwa mwanga, na vifundo vya miguu yangu vilikuwa na ukubwa wake wa kawaida. Kwa sisi tunaosimama dukani kutwa, hilo si jambo dogo. Mara zote huwa nashuka Guangzhou viatu vimenibana.

Lakini msidanganyike kwamba kiti kikubwa ni kinga. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi huongeza karibu maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, iwe umepanda ndege, basi au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Kinacholeta shida ni kutosogea, na mtu wa mbele anaweza kukaa bila kusogea kama wa nyuma. Kutembea kwenye ujia na kuchezesha nyayo ni bure katika madaraja yote.

Hewa nayo ni moja. Ndani ya ndege nyingi za zamani mwili wako unakuwa kama uko mwinuko wa futi 8,000, yaani kama mtu aliye Addis Ababa. Katika ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 unashushwa hadi kama futi 6,000, sawa na Nairobi. Tofauti hiyo inasikika kichwani na kooni ukishuka, na inampata kila abiria, wa mbele na wa nyuma. Kwa hiyo ukiwa na tiketi mbili za ikonomi za bei zinazokaribiana, uliza aina ya ndege kabla hujauliza chakula.

Sasa shoga yangu. Tulipokutana kwenye mkanda wa mizigo pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, nilimkuta uso umekunjuka, amepaka na wanja. Ndege ilikuwa nusu tupu kule nyuma. Akapata safu ya siti tatu peke yake, akainua vile vya kuegemeza mikono, akajifunika kanga, akalala mpaka asubuhi. Septemba si msimu wa watu wengi. Angesafiri katikati ya Aprili au Oktoba, wakati wa Maonesho ya Canton, yale maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, asingeipata safu hiyo. Nilimtazama nikawaza zile 4,940,000.

Tulifika saa tisa kasoro alasiri kwa saa za China, ambayo Dar ni saa nne asubuhi kasoro. Hapa kuna jambo ambalo hakuna tiketi inayoliondoa. Soko la nguo la Shahe linaamka kabla ya alfajiri. Ukitaka bei ya jumla na uchaguzi wa kwanza, uwe umetoka hotelini mtaa wa Xiaobei saa tisa usiku, na saa hiyo mwili wako unajua ni saa nne usiku ya Dar na unataka kulala. Ulale ndegeni usilale ndegeni, tofauti ya saa tano ipo palepale. Siku ya kwanza nilikuwa na nguvu kweli, nilitembea maduka ya viatu mpaka jioni bila kukaa. Siku ya pili, Shahe, mimi na shoga yangu tulikuwa sawasawa, wote macho mekundu.

Ndipo nikaanza kuhesabu upya. Chumba changu Xiaobei ni yuan 280 kwa usiku, kama shilingi laki moja. Nikifika siku moja mapema kwa ikonomi, nikalala, nikaamka, nikaanza kazi kesho yake, nimetumia laki moja na chakula cha siku. Siku ile ya sendozi namba 35, kosa langu halikuwa siti. Nilienda kwa muuzaji siku niliyoshuka. Ningelala kwanza kwa yuan 280, ningesoma karatasi.

Wapo wanaosema daraja la biashara linajilipa kwa kilo za mzigo wa kurudi. Nimeipiga hesabu hiyo pia. Tiketi yangu iliniruhusu kilo 64, ya shoga yangu 46. Tofauti ni kilo 18. Mara ya mwisho kargo ya ndege nililipa dola 12 kwa kilo, kwa hiyo kilo hizo ni dola 216, kama shilingi 560,000. Ni fedha, lakini haifiki hata sehemu ya nane ya nilichoongeza. Mzigo mkubwa unapakiwa kwenye kontena unakuja kwa meli hata hivyo. Kinachokuja na begi ni sampuli na vile vya haraka.

Kilichokuwa na thamani ya kweli, na sikukitarajia, ni ruhusa ya kubadilisha tarehe. Kiwanda kilichelewesha mikoba yangu siku tatu. Nilisogeza tiketi bila faini, wakati shoga yangu, tiketi yake ikiwa ya bei ya chini, alitakiwa kulipa faini na tofauti ya nauli, akaamua kuondoka na kuniachia mimi kukagua mzigo wake. Nilikagua mizigo yote miwili. Ila hata ikonomi kuna tiketi za kubadilishika, ghali kidogo kuliko zile za bei ya mwisho, na ndizo ningemshauri mtu anayetegemea kiwanda.

Kurudi sina mengi. Ndege ya usiku kutoka Guangzhou nililala fofofo, godoro lile lile. Ya asubuhi kutoka Ghuba nilikaa nikinywa chai na kupanga bei za mikoba. Lakini nikifika Dar nina kitanda changu mwenyewe kinanisubiri, na duka lina mtu wa kulifungua. Usingizi wa kurudi nyumbani ndio usingizi ghali kuliko wote niliowahi kununua.

Nikiulizwa kama nitalipa tena nauli nzima ya daraja la biashara, jibu ni hapana. Ningemlipia mama yangu, magoti yake yamechoka na hawezi kukunja miguu saa saba. Ningemlipia mtu aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo. Ningelipa mwenyewe kama ningelazimika kushuka ndege na kuingia moja kwa moja kwenye kikao kisichosogezeka. Kwa safari ya mzigo yenye siku kumi ndani yake, siku ya kwanza naweza kuinunua kwa laki moja.

Ila kuna njia ya katikati, na Februari niliijaribu. Baada ya kukata ikonomi, wiki moja kabla ya safari shirika liliniletea barua pepe ya kutia dau la kupandishwa daraja, yaani unataja utakacholipa ili wakuhamishie mbele, na dau linawekwa kwa kila kipande cha safari peke yake. Niliacha Dar hadi Ghuba, nikaacha kurudi kote. Nikatia dola 420 kwa kipande kimoja tu, kile cha usiku wa kwenda. Nilijiambia wakikataa nitalala ikonomi na nitafika siku moja kabla ya kazi kama nilivyopanga. Siku mbili kabla ya kuondoka wakakubali. Mizigo yangu ilibaki ya tiketi ya awali, na hilo niliambiwa wazi. Kabla ya kutia dau nilifungua ramani ya viti ya ndege hiyo nikahesabu: siti moja kila upande wa dirisha, mbili katikati, kila mtu na ujia wake. Kama ingekuwa ndege yenye viti vya kulaza mgongo tu, nisingetia hata dola 100.

Nilioga Ghuba, nikalala saa tano. Alasiri nikafika Xiaobei, nikapumzika hotelini siku nzima iliyofuata, na asubuhi ya tatu nikaenda kwa yule yule muuzaji wa sendozi. Alinikumbuka. Akaniwekea karatasi ya oda mezani, nikatoa miwani, nikasoma mstari kwa mstari, kisha nikamwomba afungue katoni moja ya kila rangi tuhesabu namba pamoja: 38, 39, 40, 41.