Nauli Inayojilipa: Hoteli za Kuendea Nje ya Mtaa Wangu, Malindi

Assalaam alaikum na karibuni, watazamaji wangu. Leo sitazungumzia hoteli za hapa Maweni ninapoishi, ingawa ndizo zinazonilisha siku nyingi, kwa sababu mbaazi za nazi na mahamri ya asubuhi, viazi vya karai vya jioni na mshikaki wa usiku ni vitu ambavyo kila mtaa wa Malindi unavyo, na kila mtu ataapa kwamba vya mtaani kwake ndivyo vitamu zaidi. Ubishi huo hauna mwisho, nami siutaki. Ninachotaka kuwaeleza leo ni hoteli ambazo niko tayari kuzipandia matatu au tuktuk, nikalipa nauli ya kwenda na kurudi, na nikarudi nyumbani nikiwa radhi.

Kipimo changu ni kimoja. Hoteli ya mbali inastahili nauli yako iwapo inapika kitu kilichotoka pale pale ilipo, kiwe cha baharini, cha mtoni au cha shambani, na ikakipika kingali kibichi. Mandhari peke yake hayanitoshi. Kama samaki amenunuliwa soko la mjini, akawekwa kwenye barafu, akasafirishwa hadi hoteli yenye upepo mzuri na viti vya kulalia, basi samaki huyo ningemnunua mwenyewe sokoni nikampika kwangu. Kwa hiyo kabla sijauliza hoteli gani, huuliza kwanza ni msimu gani na bahari ikoje, kwa maana majibu ya maswali hayo ndiyo yanayonionyesha njia ya kushika.

Nianze na yaliyo karibu, kwa ufupi. Mikahawa ya Kiitaliano ya ufukweni na ya njia ya Casuarina mnaijua, na wengi wenu mnaipita bila kuingia mkidhani si yetu. Waitaliano walianza kuja huku miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha kurushia roketi cha San Marco kule Ngomeni, ambako tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lililosimikwa baharini. Nyuma ya mafundi wakaja watalii, na nyuma ya watalii wakaja wapishi, ndiyo maana leo Malindi kuna vijana wa Kigiriama wanaokanda unga wa tambi kwa mikono kama waliozaliwa nao. Ushauri wangu ni kwamba usiende huko kuagiza nyama iliyotoka ng'ambo. Agiza tambi za kaa au za kamba, na baadaye aiskrimu ya embe kati ya Novemba na Machi, embe zinapokuwa zimejaa mjini. Fahamu pia kwamba mwezi wa Mei na Juni mingi kati ya mikahawa hiyo hufungwa, kwa hiyo uliza kabla hujatoka.

Sasa twende Mayungu.

Mayungu ni kijiji cha wavuvi kusini mwa mji, kabla hujafika Watamu, na kitu cha kukuendesha huko ni pweza. Kwa wale mnaonitazama kutoka bara, hebu nieleze kidogo, kwa sababu bila ya kulijua jambo hili mtakwenda siku isiyofaa. Pweza wetu wengi hawavuliwi kwa mashua. Huwindwa kwa miguu, juu ya mwamba, maji yanapokupwa sana, na maji hukupwa sana siku za bamvua, yaani siku chache zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hufika mwisho wa kupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Wawindaji, wanaume kwa wanawake, hushuka mwambani wakiyafuata maji yanavyorudi, kila mmoja na chuma chake chenye ncha, wakichungulia mashimo, na saa sita huwa wameshapanda ufukweni. Ukifika saa saba mchana, pweza aliyeko sufuriani alikuwa hai asubuhi ile.

Kibanda ninachokipenda hakina jina ubaoni wala karatasi ya bei. Kina paa la makuti, meza mbili na mabenchi, na mama anayepika hukaa mahali ambapo unaweza kumwona kila anachofanya, jambo ambalo mimi huliheshimu sana katika hoteli yoyote. Pweza hupigwapigwa kwanza juu ya jiwe ili alainike, kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe bila kuongezwa maji mengine, mpaka ngozi igeuke rangi ya zambarau iliyoiva. Nusu ya wateja huchukua supu na kuondoka. Mimi ninawashauri mngoje pweza wa nazi, kwa sababu hapo ndipo utaalamu wa mama huyu unapoonekana. Tui jepesi linatangulia pamoja na bizari, nyanya na kitunguu thaumu, na tui zito linatiwa mwishoni kabisa huku akilikoroga upande mmoja tu ili lisikatike. Tazameni hapa nikiisogeza kamera: kipande hiki nimekikata kwa ubavu wa kijiko, si kwa kisu, na kimekubali. Ndani ni cheupe, hakina mpira mpira, na mchuzi umekishika badala ya kutelezea pembeni ya sahani. Wali wake wa nazi ni wa kawaida, sitausifu kupita kiasi, lakini ndimu na pilipili mbichi zilizosagwa kwa chumvi ziko mezani na zinakamilisha kila kitu.

Jambo moja nawaomba. Ukiletewa pweza mdogo, mkatae kwa adabu. Pweza anayetolewa mwambani kabla hajataga ni kizazi kizima kimeondolewa, na mteja akikataa leo mwindaji atamwacha kesho. Na ukienda wakati wa maji mafu, maji yanapokuwa hayakupwi sana, usilazimishe pweza. Uliza changu au tafi wa kukaanga, ule kile kilichopatikana.

Kutoka Mayungu nakupelekeni Dabaso, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu nje ya Malindi, ningechagua hapa bila kusita. Ukiwa njia panda ya Gede unashika njia ya kwenda Watamu, unateremka Dabaso, na bodaboda inakupeleka upande wa kulia mpaka kwenye hori ya Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hapo kuna hoteli iitwayo Crab Shack, inayoendeshwa na kikundi cha wanakijiji cha kuhifadhi hori, Dabaso Creek Conservation Group. Unaifikia kwa kutembea juu ya daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, miti ikiwa kulia na kushoto, na hoteli yenyewe imejengwa juu ya nguzo mwisho wa daraja, ikitazama maji.

Sababu ya kuisifu ni hii: mikoko unayoipita ndiyo jiko linakoanzia. Kaa wa matope huishi kwenye mashimo chini ya mizizi hiyo, na samaki wachanga hukulia humo kabla ya kutoka baharini, kwa hiyo mkoko ukikatwa, sahani nayo imekatwa. Watu wa kikundi hiki waliliona jambo hilo mapema, wakapanda miti na wakafuga kaa kwenye vizimba ili wanenepe kabla ya kuuzwa, na pesa za mezani zikawa ndizo zinazowapa sababu ya kuulinda msitu ule. Mimi sijui hoteli nyingine katika pwani yetu ambayo uhusiano kati ya unachokula na unachokiona ukiwa umekaa uko wazi namna hii.

Agizeni sambusa za kaa. Najua mtu wa pwani akisikia sambusa huona ni kitu cha futari tu, kitu cha kumalizia hamu, lakini hizi ni mlo. Manda yake ni nyembamba, imekaangwa ikawa kavu bila kushiba mafuta, na ukiivunja unaona nyuzi za nyama nyeupe ya kaa zimelala pamoja, hazikusagwa zikawa uji. Bizari ni kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu nyama ya kaa ina utamu wake wa asili ambao viungo vingi huufukia. Kamua ndimu juu yake, uongeze pilipili kidogo, basi. Mkiwa wengi, agizeni pia kaa mzima, na muwe tayari kula kwa mikono na kwa subira, kwa kuwa nyama bora imo ndani ya magando, na anayekimbilia kushiba atayaacha makombo yenye thamani kuliko alichokula.

Wakati wa kwenda ni alasiri. Hori ya Mida maji yakikupwa hubaki tambarare ya matope, ambayo wapenda ndege huifurahia, lakini mtu anayetaka kukaa na familia atapendezwa zaidi na maji yaliyojaa. Siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi jioni, na ukiwa umeshakaa mezani saa hizo utaona maji yakifika chini ya mbao zako kabisa, kisha jua likishuka upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Piga simu kabla, hasa kwa kaa mzima, maana kinachopikwa hutegemea kilichopatikana, na mtu mwenye haraka mahali hapa hapamfai.

Upande wa kaskazini ninao ushauri wa aina mbili, wa kwanza mrefu kuliko wa pili.

Marafa iko kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, na watu wengi huiendea kwa ajili ya lile korongo la Nyari lenye udongo mwekundu, mweupe na wa waridi, wanapiga picha, wananunua soda na kurudi wakiwa na njaa. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu chakula cha Kigiriama kinachopikwa Marafa hukipati hivyo mjini. Hoteli zenyewe ni ndogo, nyingi za vyumba viwili, na namna ya kula vizuri ni kufika mchana, kuagiza, kwenda kutembea korongoni jua likishapungua ukali, kisha kurudi kula. Kuku wa kienyeji hukamatwa na kuchinjwa baada ya wewe kuagiza, na nyama yake ni ngumu kidogo, yenye ladha inayokaa mdomoni. Sima huja imekazwa vizuri, inakatika kwa uzi. Lakini nyota ya sahani ni mboga ya mtsunga, majani machungu yanayochumwa mashambani, ambayo huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha yakapikwa kwa tui. Uchungu hauondoki wote, na mpishi anayeuondoa wote ameiharibu. Unautafuna mwanzo ukiwa mkali, nazi inaupoza, halafu unajikuta unamega tonge jingine la sima kuufuata. Watoto huenda wasiipende. Watu wazima, tafadhali msiombe mchicha badala yake.

Hesabuni usafiri vizuri, kwani matatu za kurudi kutoka Marafa hupungua mapema, na ni bora mpatane na dereva awangoje.

Mambrui ndiyo ya pili. Iko njiani humo humo, ukishavuka mto Sabaki, na ndiyo mahali pa kula kamba wa mchuzi, kwa kuwa maji ya mto yenye udongo yanapoingia baharini ndiyo yanayowalisha kamba wa ghuba ile. Mambrui ni mji wa zamani na wa watu wenye staha, basi vaeni ipasavyo. Hoteli za wazi ni chache, chakula kizuri hupikwa na akina mama kwa kuagizwa, na mwenyeji yeyote ukimwamkia vyema atakuelekeza. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna kitu, ila jioni mahamri, kaimati na vibibi vinavyouzwa vibarazani vinatosha kukuvusha Sabaki.

Mwenye siku moja pekee na awe na bamvua ya Jumamosi au Jumapili, afanye hivi. Ale kidogo asubuhi, afike Mayungu saa saba kwa pweza wa nazi, apumzike, kisha awe Dabaso kabla ya saa kumi kwa sambusa za kaa na maji yaliyojaa. Miezi ya kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba mara kwa mara, kwa hiyo samaki hupanda bei. Lakini kaa wa hori hawategemei mawimbi ya nje, na safari ya Dabaso hubaki salama. Mayungu bebeni pesa taslimu za noti ndogo, na mkivaa viatu vya kushika vizuri mtatembea mwambani na wawindaji mkifika mapema.