Dawa ya riluzole au tofersen kwa ALS, ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli polepole?
Mjomba wangu hapa Moshi alianza kwa kuangusha kikombe cha chai, mkono wa kulia haushiki, sasa kwenye grupu la ukoo kila siku ni ipi bora. Riluzole ipo tangu 1995, kidonge asubuhi na jioni, unameza nyumbani ila ini lipimwe, inaongeza miezi michache tu ya kuishi lakini haichagui mgonjwa. Tofersen ilipitishwa Marekani 2023, inazuia jeni mbovu ya SOD1 isitengeneze protini yake, hapo imeshinda, ila ni sindano ya uti wa mgongo kila wiki 4, bei haishikiki, na wenye SOD1 ni kama asilimia 2 tu ya wagonjwa. Jamani, kipimo cha jeni kwanza! Ukiwa na SOD1 na njia ya kuipata, pambania tofersen, wengine kidonge msikiache.