Leza ya Nd:YAG kwa vipele sugu vya kisogoni: uzoefu wangu

Nianze na hukumu yangu: leza inaua unywele, haifuti kovu. Mwenye vipele vidogo vigumu vya milimita 2 hadi 4, vinavyowasha kila akitoka kwa kinyozi, atapata thamani ya hela yake. Aliyekwisha kuota bonge lisilo na nywele kuzunguka kisogo atalipa sana na kuona mabadiliko kiduchu, labda aanze na sindano au upasuaji.

Kwenye cheti cha daktari vipele hivi huandikwa acne keloidalis nuchae. Huwapata zaidi wanaume weusi, kwa kawaida baada ya balehe. Vifuko vya nywele hupata uvimbe wa muda mrefu, vinaharibika, vipande vya unywele vinanaswa ndani ya ngozi, na mwili unavishambulia kama mwiba. Kovu ndilo linalobaki. Ndiyo maana dozi ya antibayotiki inakausha usaha, mwezi unaofuata vipele vinarudi: unywele bado upo.

Swali la kwanza kumuuliza mhudumu si bei. Muulize mashine yake inatoa mwanga wa nanomita ngapi, yaani urefu wa wimbi lake. Kwa ngozi yetu jibu ninalolitaka ni 1064, yaani leza ya Nd:YAG ya pigo refu (mmweko unaodumu zaidi), kwa sababu mwanga huo unafika kwenye shina la unywele bila kumezwa sana na weusi wa juu ya ngozi. Leza ya dayodi ya 810 inawezekana kwa mkono wenye uzoefu. Leza ya aleksandraiti ya 755 ningeikataa, na zile taa za IPL za saluni pia, ambazo ni mimweko ya mwanga mkali, si leza. Hata vile vifaa vya IPL vya nyumbani vingi hukataa kuwaka vikigusa ngozi nyeusi. Akikujibu "ni leza tu, ya kisasa", chukua kofia yako uondoke.

Mipangilio ya kawaida ni doa la mwanga lenye upana wa milimita 10 au 12, pigo la milisekunde 20 hadi 30 au zaidi, na nishati kati ya jouli 20 na 40 kwa sentimita ya mraba. Ngozi nyeusi sana huanzia chini. Omba ajaribu kwanza kwenye kipande kidogo, kisha subiri angalau siku 2 kabla ya kufanya eneo zima. Wanaoharakisha hatua hii ndio wanaoacha watu na mabaka.

Wiki 4 kabla usinyonyoe wala kupaka nta, maana bila shina leza haina cha kulenga. Siku moja kabla, nywele za kisogoni zipunguzwe kwa mashine hadi zibaki vishina tu. Ndiyo, ni kipara kilekile kinachochokoza vipele, lakini hapa hakikwepeki: unywele mrefu juu ya ngozi unawaka na kuunguza ngozi yenyewe. Oga vizuri, usipake mafuta wala poda. Kama kuna usaha, ahirisha. Madaktari wengi huandika kwanza antibayotiki ya doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku. Mwambie mhudumu pia kama unatumia isotretinoini, dawa ya chunusi, na kama una tatuu shingoni aonyeshwe, leza isipite juu yake.

Krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini hukaa saa moja chini ya nailoni, kisha ifutwe yote. Isipakwe kwenye kidonda. Naipendekeza, ila usitake ganzi ya kupoteza hisia kabisa: maumivu yanayozidi ghafla ndiyo ishara yako ya kusema simama.

Miwani ni lazima kwa wote chumbani. Kila pigo linauma kama tone la mafuta ya chapati lililoruka, na penye kovu linauma zaidi. Ubaridi wa hewa au wa ncha ya mashine uwe unafanya kazi kabla ya pigo la kwanza. Harufu kidogo ya nywele kuungua ni kawaida. Moshi unaoonekana maana yake hazikunyolewa vizuri. Baada ya dakika chache, pitisha kidole: kila tundu la unywele limevimba kidogo. Hiyo ndiyo dalili njema, kwa sababu wekundu kwetu hauonekani kirahisi. Ngozi ikigeuka kijivu au nyeupe, au mhudumu akirudia pigo palepale bila kupumzika, hapo ni kuungua.

Siku 2 za mwanzo epuka jasho jingi, kola ngumu na helmeti ya bodaboda inayosugua kisogo. Paka krimu ya steroidi, ya kutuliza uvimbe, kama ulivyoandikiwa, na kinga ya jua ya SPF 30. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu utaona nywele kama zinaota. Kwa kweli zinasukumwa nje, zina ncha nyeusi iliyoungua na zinatoka kwenye taulo. Usizing'oe. Malengelenge yakitokea usiyapasue, rudi kliniki.

Vikao hupangwa kila wiki 4 hadi 6, vinne au zaidi, kwa kuwa leza inaua tu nywele zilizo kwenye awamu ya kukua. Kwa hiyo sipendi kifurushi cha kulipia vyote mwanzoni. Lipa kimoja kimoja mpaka uone ngozi inavyopokea.

Kwangu vipele vidogo vimelala na kuwashwa kumekwisha. Kovu la katikati lilibaki lilivyokuwa hadi lilipochomwa sindano ya steroidi iitwayo triamsinoloni, ambayo hutolewa kwa miligramu 10 hadi 40 kwa mililita na huweza kuacha doa jeupe au ngozi nyembamba. Mstari wa nywele nao umepanda juu, na hilo halirudi nyuma, kwa hiyo amueni na kinyozi mapema. Yeye asikuchonge kwa wembe huko nyuma, aache milimita 3 au zaidi, na mashine iwe yako.

Kabla ya yote hayo pata utambuzi kwa daktari wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Fangasi ya kichwa na uvimbe unaokula nywele za utosini huweza kufanana na ugonjwa huu, na tiba zao ni nyingine. Wenye mvi kisogoni, leza haizioni kabisa.