Kadi kwanza au monita kwanza? Kupandisha PC ya gemu kwa hela ya kubana

Kila mtu akinifuata kuniuliza anunue kadi gani ya grafiki (GPU, inayochora picha za gemu) mi namrudishia swali, unatumia monita gani? Wengi hapo ndo wanakwama. Yani mtu ana monita ya 60Hz, anajibana miezi anunue kadi ya kutoa fremu (picha) 200 kwa sekunde, afu anashangaa gemu linaonekana vile vile. Monita ya 60Hz inabadilisha picha kila milisekunde 16.7, basi, ya 144Hz kila milisekunde 6.9, sasa hata uweke kadi ya mbinguni, macho yako yanaona kile monita inachoweza kuonyesha. Kwahiyo hapa sipangi kadi peke yake, napanga jozi.

Kabla hujatoa hata senti, fanya jaribio moja la bure. Fungua gemu unalocheza sana, angalia fremu, afu shusha resolusheni (idadi ya pikseli) mpaka 720p. Fremu zikipanda sana, kadi ndo inakubana, endelea kusoma. Zikigoma kupanda, tatizo ni prosesa, na kadi mpya haitakusaidia kitu, tafuta hela ya prosesa kwanza.

Namba moja kwangu, na sidhani kama kuna ushindani: RX 6600 ya AMD na monita ya inchi 24, 1080p, IPS (aina ya paneli), 144Hz kwenda juu. Hii kadi ilitoka 2021 na ina GB 8 za memori, inakula wati 132 tu, plagi moja ya pini 8, kwahiyo pawa saplai ya kawaida yenye jina inaibeba bila jasho. Gemu za ushindani kama CS2 na Valorant utazijaza hizo 144, na gemu kubwa utacheza setingi za kati au juu bila kulia. Ray tracing (kuigiza mwanga na vivuli kama vya kweli) isahau, hapo AMD za kizazi hicho ni dhaifu, ila kwa bajeti hii ray tracing ni anasa tu.

Namba mbili: baki na kadi uliyonayo, nunua monita peke yake. Najua watu hawapendi kusikia hii. Ila kama una GTX 1660 au RX 580 ya GB 8 na maisha yako ni gemu za ushindani, kadi yako tayari inatoa fremu nyingi kuliko hiyo 60Hz inavyoonyesha, na tofauti utaiona kuanzia kwenye mshale wa mausi. Afu monita haizeeki haraka kama kadi, hiyo hiyo utakaa nayo mpaka kadi mbili zijazo.

Tatu, RTX 3060 ya GB 12 na monita ile ile ya namba moja. Hii ni ya anayecheza na pia kuediti video au kutumia Blender, maana programu nyingi za kazi zinaelewana na Nvidia zaidi, afu unapata DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha ndogo ili fremu zipande, ambayo picha yake ni safi kuliko FSR za zamani, ile ya AMD. Inakula wati 170. Angalizo, kuna 3060 ya GB 8, jina lile lile, boksi karibu lile lile, ila njia ya memori wameipunguza kutoka biti 192 mpaka 128 na inaachwa mbali kabisa. Soma boksi mara mbili.

Nne, Arc B580 na monita ya inchi 27 ya 1440p. Kadi nzuri ya Intel, GB 12, ilitoka mwisho wa 2024, na 1440p inaimudu kweli, sio mchezo kwasababu 1440p ni pikseli karibu milioni 3.7 na 1080p ni milioni 2.1 tu. Kwanini sasa nimeiweka nne? Inataka Resizable BAR (inayoruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) iwe imewashwa kwenye BIOS, setingi za msingi za PC, bila hiyo inaporomoka vibaya, na hata ukiiwasha, ukiwa na prosesa ya zamani kama Ryzen 5 2600 fremu zinapotea tu. Mwenye PC ya miaka ya karibuni anaweza kuipandisha mpaka namba moja kabisa, sitabisha.

Tano ni ya wenye PC za ofisini, zile pawa saplai haina hata waya wa kadi. RTX 3050 ya GB 6 inakula wati 70 na inachota umeme wote kwenye mazabodi (bodi kuu ya PC), zipo mpaka fupi za kuingia kwenye kesi nyembamba. Haina nguvu sana, ila inawaka. Tafadhali sana usinunue kale kaadapta ka kugeuza waya wa SATA kuwa pini 8, waya ule unabeba kama wati 54 na kadi inaweza kutaka 150 kupitia hapo, plastiki inayeyuka.

Za kukimbia: RX 6500 XT, ina GB 4 na njia 4 tu za PCIe (sehemu ya mazabodi inapochomekwa kadi), ukiiweka kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inachechemea, na haina hata sehemu ya kurekodi video. GT 1030 sio kadi ya gemu, aliyekwambia hivyo alikuwa anauza. Na monita ya inchi 27 ya 1080p, herufi zinaonekana zimechoka ukikaa karibu.

Sasa mtumba, maana hapa ndo bajeti inapona au inakufa. Ethereum, sarafu ya kidijitali iliyokuwa inachimbwa kwa kadi hizi, ilipoacha uchimbaji Septemba 2022 kadi nyingi za wachimbaji ziliingia sokoni na bado zinazunguka mkono kwa mkono. Mi siogopi kadi ya mchimbaji, naogopa ambayo haijawahi kusafishwa. Igeuze, angalia skrubu kama zimechubuka, angalia pembeni ya bodi kama kuna mafuta mafuta, hayo yanatoka kwenye pedi za joto zilizochoka. Zungusha feni kwa kidole, ikiyumba au ikikwaruza acha. Afu iwashe mbele yako, fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, feki nyingi za Nvidia inaziandika FAKE waziwazi, tena RX 580 ukikuta shader (viini vya kuchakata picha) 2048 badala ya 2304 ujue unauziwa kitu cha daraja la RX 570. Piga FurMark, programu ya kuichosha kadi, dakika kumi. Hotspot (sehemu yenye joto kali zaidi kwenye chipu) ikiipita joto la kawaida kwa digrii 30 hivi, pesti ya joto imekauka, hapo omba punguzo. Muuzaji akikwambia "nilijaribu jana, inapiga kazi" bila kuiwasha, mwambie asante, ondoka.

Kwenye monita maneno ya boksi yasikutishe. "1ms" (kasi ya pikseli kubadilika) mara nyingi ni kipimo cha mazingira maalum, HDR400 sio HDR (mwanga na rangi pana) ya maana. VA, aina nyingine ya paneli, ina weusi mzuri ila kwenye gemu la giza vitu vikikimbia vinaacha mkia, mi nachagua IPS. FreeSync (inayolinganisha Hz za monita na fremu za kadi) iwepo, Nvidia nao wanaikubali tangu 2019.

Ukishafunga, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, sio kwenye mazabodi, afu nenda setingi za Windows ubadilishe Hz kwa mkono. Mi nilikaa na monita ya 144Hz wiki tatu nzima nikiisifia kwa washkaji kwamba inateleza kama siagi, siku moja mdogo wangu anaingia kwenye setingi, ananiuliza, kaka, mbona hapa imeandikwa 60?