Matoazi ya zamani: lipi ununue kwanza, na umri wake utaujuaje

Orodha hii ya matoazi ya seti ya ngoma haikupangwa kwa umaarufu. Inaanza na toazi ambalo mnunuzi anaweza kulihakikisha mwenyewe, inaishia na lile linaloliza wengi. Lakini kwanza kagua metali, kwa sababu toazi la 1965 lenye ufa ni toazi bovu tu.

Livue kwenye stendi. Pitisha ukucha ukingoni, juu na chini, ukizunguka taratibu. Unaponasa, tazama kwenye mwanga. Ufa wa milimita tatu ukingoni fundi anaweza kuusaga ukaisha. Ufa unaofuata michirizi ya mashine, au unaoanzia kwenye tundu la katikati, achana nao: kila pigo linaurefusha. Tundu lililolika upande mmoja lina maana kwamba toazi lilipigwa muda mrefu bila kimpira cha stendi. Litapigika, ila bei ishuke. Mwisho lining'inize kidoleni uligonge; likitoa mkwaruzo badala ya mlio safi, kuna ufa ambao hujauona.

1. Paiste 2002. Paiste ni kampuni ya matoazi, na 2002 ni jina la toleo, si mwaka. Hizi ndizo rahisi kupata umri. Zilianza 1971, na zina namba iliyogongwa kwenye metali. Kwenye namba za tarakimu sita, tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka: 7 ni 1977 au 1987. Rangi ya maandishi ndiyo itakayoamua, kwa kuwa meusi yalitangulia na mekundu yakaja miaka ya 1980. Ogopa toazi lililosuguliwa likang'aa kama sinia jipya: maandishi yamekwenda na maji, na kipimo cha pili umekipoteza.

2. A. Zildjian ya Marekani (toleo la A la kampuni ya Zildjian), miaka ya 1960 na 1970. Kwa pesa yako, hapa ndipo penye faida kubwa, maana yalitengenezwa mengi. Muhuri hugongwa, hauchorwi. Ukififia, weka karatasi nyembamba juu yake usugue kwa penseli ya risasi; herufi zitajitokeza. Nembo kubwa ya wino upande wa chini ni ya mwishoni mwa miaka ya 1970 kuendelea, na namba ya leza ni ya miaka ya 1990 kuendelea. Wino kukosekana hakuthibitishi uzee, kwa sababu wino hufutika. Namba ya leza ikionekana, hapo mjadala umekwisha. Dai uzito kwa gramu: raidi (toazi kubwa la kushikilia mdundo) ya inchi 20 iliyo chini ya 1,900 ni nyepesi, inayozidi 2,600 ni nzito na hufunika bendi ndogo.

3. K za Marekani (toleo jingine la Zildjian), kuanzia 1982. Ni nzuri, ila muuzaji akizitangaza kama "K ya zamani", muulize ya wapi: Marekani au Istanbul.

4. K za Istanbul. Hizi ni za mwisho hapa, ingawa mpiga jazi angezitaja za kwanza. Zilifuliwa kwa nyundo Uturuki hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, na hata mbili za kipimo kimoja hazilii sawa. Kwa hiyo usinunue bila kuisikia. Muhuri wenye neno Constantinople kwa kawaida ni wa kale kuliko wa Istanbul, lakini Zildjian wenyewe walirudisha jina K Constantinople kwenye toleo jipya. Namba ya leza italifichua. Mtego mwingine: mafundi wa Istanbul walianzisha chapa yao miaka ya 1980, nayo baadaye ikagawanyika kuwa Agop na Mehmet. Neno Istanbul peke yake halitoshi. Tafuta K na Zildjian kwenye muhuri uleule.

Kwenye vifaa vingine vya seti, pedali ya ngoma kubwa ya Speed King, ya kampuni ya ngoma ya Ludwig, ndiyo ya kuanzia. Yenye herufi WFL ni ya zamani kuliko yenye Ludwig, jina ambalo William F. Ludwig alilinunua tena 1955. Ikilia kwi-kwi, beringi zimekauka. Grisi kidogo inatosha. Snea (ngoma ndogo yenye nyaya chini) ya Ludwig iitwayo Supraphonic, ya alumini, ikaguliwe kromu: vipele vikianza kuvimba haviponi, wala haviharibu sauti. Namba ya beji ya Ludwig isikupe uhakika wa mwaka, kwani beji zilichotwa kwenye sanduku bila kufuata mpangilio. Chungulia ndani ya pipa la mbao la ngoma: mara nyingi kuna tarehe iliyopigwa kwa wino, na hiyo ndiyo ya kuamini.